Barua ya wazi kwa maaskofu wetu: someni na ile nusu nyingine ya azimio

Kwa Baba Askofu Mkuu na kwa maaskofu wote wa Kanisa la Kianglikana la Kenya, baba zetu na mama zetu katika Kristo.

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mshiriki wa kanisa lenu. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikawekewa mikono na mmoja wa waliowatangulia, na hadi leo nina zamu ya kusoma somo la pili katika mtaa mmoja wa huku Pwani. Ni mwanamke, na moyo wangu huvutiwa na wanaume na pia na wanawake. Nimekuwa hivyo tangu nilipopata akili, kabla sijajua kwamba kuna watu mahali fulani wanaoandamana na bendera za rangi rangi. Wala siko peke yangu. Tumo kwenye kwaya, tumo KAYO, chama cha vijana wa kanisa, tumo katika Umoja wa Akina Mama, tunahesabu sadaka pale vestri, na mkitaka niseme yote, wengine wetu huvaa kanzu na stola.

Sikuandika ili nibishane nanyi juu ya ndoa. Nina mawazo yangu kuhusu hilo na siku moja ningependa myasikie, lakini leo sikujia hilo. Leo nimekuja kudai ahadi mliyoitoa kwa maandishi.

Mwaka 1998 maaskofu wa Anglikana kutoka duniani kote walikutana Canterbury katika Mkutano wa Lambeth, wakapitisha azimio ambalo hadi leo hutajwa kwa namba yake, 1.10. Waliolikubali walikuwa 526, waliolikataa 70, na maaskofu wa Afrika walikuwa mstari wa mbele kulitetea. Sehemu yake moja naijua kwa moyo: kwamba ndoa ni ya mume na mke, kwamba asiyeitwa kwenye ndoa ajizuie, kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Nimeisikia kwenye mahubiri, kwenye semina za vijana, na katika taarifa zinazosomwa mbele ya kamera. Siwalaumu kwa kuisema. Ndiyo imani yenu na mliiandika.

Ila mliandika na mengine. Katika azimio lilelile maaskofu walikiri kwamba miongoni mwetu wamo watu wanaojijua kuwa wanavutiwa na watu wa jinsia yao, kwamba wengi wao ni washiriki wa Kanisa, na kwamba wanatafuta huduma ya kichungaji. Wakajifunga kuwasikiliza watu hao wakieleza maisha yao. Wakawahakikishia kwamba Mungu anawapenda, na kwamba kila aliyebatizwa, anayeamini na aliye mwaminifu, awe anavutiwa na nani, ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo. Na katika aya ileile inayoyakataa matendo hayo, wakawataka watu wote wahudumiane kwa upole bila kuangalia mvuto wa mtu, na wailaani hofu isiyo na msingi dhidi ya watu kama sisi.

Nusu hii sijawahi kuisikia ikisomwa mimbarini. Hata mara moja.

Mnaweza kusema 1998 ni zamani na mengi yamepita tangu hapo. Ni kweli. Mwaka 2008 maaskofu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Nigeria walisusia Lambeth, na mwaka huohuo GAFCON, umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa kihafidhina, ikazaliwa Yerusalemu. Mwaka 2013 ilikutana hapa kwetu, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Lakini katika safari yote hiyo azimio la 1.10 ndilo lililobebwa kama bendera. Ulipofanyika mkutano wa Kigali, Aprili 2023, tamko la mwisho lililitaja tena, na kwa jina lake likasema kwamba Mungu anampenda kila mtu, na kwamba kumkashifu au kumdunisha mtu yeyote ni jambo la kupingwa kwa sababu kila mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kwa hiyo sitoi hoja kutoka Canterbury wala New York. Nawasomea karatasi yenu.

Sasa niambieni: kusikiliza kumefanyika wapi? Katika mitaa yote niliyosali sijaona meza ambapo mtu kama mimi aliulizwa lolote ila swali moja, kwamba je, umetubu? Sijaona kasisi aliyetajwa kuwa ndiye atakayewapokea watu hawa na kutunza siri zao. Nilichosikia ni mahubiri. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka 2023, siku mbili tu baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, mhubiri alitutangazia kwamba majaji wamehalalisha ndoa za jinsia moja nchini Kenya. Hakuwa ameusoma uamuzi. Tarehe 24 Februari, majaji watatu dhidi ya wawili walisema kwamba shirika la watu hawa haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu tu ya jina lake, basi. Hapakuwa na neno la harusi pale. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya matendo ya jinsia moja, chenye kifungo cha hadi miaka 14, kiko palepale kilipokuwa, na Mahakama Kuu ilikwisha kukataa kukifuta Mei 2019. Lakini kanisa zima lilipiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshika Biblia nikingoja kuitwa kusoma.

Nilisoma. Sauti haikutetemeka. Sisi tumezoea.

Watu wachache wanaojua habari zangu huniuliza nawezaje kuishika imani na huku niko hivi. Huwa wanategemea jibu refu. Nilipokuwa kijana nilifunga na kukesha ili Mungu aniondolee. Nilipakwa mafuta. Nilikemewa pepo ambalo mara liliambiwa limetoka upande wa mama, mara upande wa baba, ikawa kama kesi ya mahari. Katika maombi hayo nilijifunza kuomba, nikaujua uso wa Mungu kuliko nilivyoujua kipaimara. Na mvuto wangu haukusogea hata unywele. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na nikilificha mojawapo mbele za Mungu nitakuwa mwongo mahali ambapo uongo haufai. Huo ndio upatanisho wangu, sina mwingine. Theolojia nimeisoma baadaye, na imenisaidia, lakini haikunitangulia.

Kuna jambo linalotuhusu hasa sisi tunaovutiwa na jinsia zote mbili, na naomba nikae hapo kidogo kwa sababu halisemwi. Viongozi wakisikia habari yetu hupumua. Kumbe dawa ipo: aolewe, au aoe, mambo yaishe. Kwa mtu kama mimi ndoa na mwanamume inawezekana, na nikiingia nitaingia kwa macho, naye akijua anamuoa nani. Lakini dawa hiyohiyo huandikiwa hata wale wasioweza kabisa. Kijana anamwendea mchungaji kwa machozi, anaambiwa Mungu atamfungua akishapata mke. Anatafutiwa binti wa kwaya, mwenye kumcha Mungu, asiyejua lolote. Harusi inakuwa kubwa. Halafu miaka inapita na yule binti, sasa ni mama wa watoto, anajiuliza ana kasoro gani, mbona mumewe hamtazami. Anakwenda kwenye mkutano wa akina mama, anaambiwa apike vizuri na azidi kusali. Mimi nimekaa na wanawake hao. Wamebeba mzigo ambao hawakuambiwa ni wa nani, na kanisa ndilo lililowatwisha na kuwapigia vigelegele. Maaskofu mnaosema mnailinda familia, hawa nao ni familia.

Najua mtaniambia: na Maandiko? Sitajifanya kwamba Warumi 1 haimo katika Biblia yangu. Imo, nimeisoma, nimeililia. Nimesoma pia mstari unaofuata mara tu sura ile inapokwisha, "Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru," nikashangaa jinsi tunavyofunga kitabu kabla ya kuufikia. Nimesoma Ezekieli 16:49, ambako nabii anautaja uovu wa Sodoma kuwa kiburi, shibe, na kutomshika mkono maskini na mhitaji. Na nimesoma mara nyingi kuliko zote habari ya yule towashi wa Kushi katika Matendo 8. Torati, Kumbukumbu la Torati 23:1, ilimfungia mlango wa kusanyiko la Bwana kwa sababu ya mwili wake. Alikuwa amesafiri hadi Yerusalemu kuabudu hata hivyo. Akarudi akisoma Isaya, na sura tatu tu mbele ya pale alipokuwa akisoma kuna ahadi kwa matowashi, kwamba watapewa ndani ya nyumba ya Bwana jina lililo jema kuliko wana na binti. Alipoona maji akauliza, "Ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Filipo alishuka naye majini. Hakumwambia angoje sinodi ikae.

Wapo wasomi wacha Mungu wanaoyasoma haya kwa namna yenu, na wapo wacha Mungu wanaoyasoma vingine. Marehemu Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikuwa mmoja wa hawa wa pili, na ni vigumu mtu kusema kwamba hakuijua Biblia au kwamba hakuwa Mwafrika. Siwaombi mwamue leo nani yuko sahihi. Hata mitume walipokutana Yerusalemu kuamua habari ya watu wa mataifa, Matendo 15, jambo lenyewe lilikuwa gumu kuliko hili letu, maana tohara ilikuwa ni amri ya wazi ya Mungu kwa Ibrahimu. Petro alisimama akasimulia aliyoyaona nyumbani kwa Kornelio. Kisha mkutano wote ukanyamaza ukawasikiliza Barnaba na Paulo. Yakobo alifungua Maandiko baada ya kusikia, na akasoma akiwa anajua anasoma juu ya watu gani.

Kanisa letu linajua kufanya hivyo. Limekwisha kufanya, na katika jambo la ndoa hasa.

Mwaka 1888 Lambeth iliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe hadi atakapoikubali sheria ya Kristo juu ya ndoa. Kwa karne nzima wazee wetu waliishi na uamuzi huo. Mnajua ulivyokuwa. Mzee akisikia Injili na kuamini, aliambiwa achague mmoja. Wengine waliobaki walirudishwa kwao, bila shamba, bila heshima, watoto wakabaki na baba au wakatangatanga na mama. Wanawake hao hawakuwa na kosa ila kuolewa kwa desturi za kwao, na waliadhibiwa ili mume wao apate kipaimara. Wazee wengine walikataa kuwafukuza, wakasali miaka yote wameketi viti vya nyuma, wakafa bila kuikaribia Meza ya Bwana. Ninyi maaskofu wengi ni wajukuu wa watu hao.

Ilikuwa ni maaskofu wa Afrika waliosema hapana. David Gitari, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wetu mwaka 1997, alikuwa miongoni mwa waliolitetea jambo hilo kwa kalamu. Na Lambeth ya 1988, katika azimio la 26, ikakubali: mwenye wake wengi anayeipokea Injili aweze kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa masharti kwamba asioe tena maadamu wake alio nao wangali hai, na kwamba kanisa la mahali pale likubali. Na asilazimishwe kumwacha hata mmoja, kwa sababu ya dhiki ambayo wanawake hao wangeipata.

Itazameni sababu hiyo ya mwisho. Fundisho la mume mmoja na mke mmoja halikufutwa, liko hadi leo kwenye kila cheti cha ndoa mnachotia sahihi. Kilichobadilika ni kwamba maaskofu waliangalia kanuni yao inamwangukia nani, wakaona ni mwanamke aliyesimama nje ya boma na mtoto mgongoni. Walisema kanuni ikimponda mtu namna hii, sisi wachungaji hatuwezi kuendelea kama kwamba hatuoni. Wazungu wengi hawakuielewa hoja ile kwa urahisi. Walidhani Waafrika wanalegeza imani. Mliwaomba wawe na subira, wasikie mazingira yenu kabla ya kuhukumu. Sisi nasi tunawaomba hilohilo, na tunashangaa kwa nini lugha hii mmeisahau.

Huku Pwani tuna kisa kingine cha zamani zaidi. Kanisa la Rabai na la Freretown halikujengwa na watu wenye majina. Lilijaa watumwa walioachiwa huru, na baadaye watoro, watu waliokimbia mabwana zao wakaja kujificha kwenye misheni. Mabwana walikuja kuwadai. Sheria ilikuwa upande wao, amani ya Pwani ilitegemea wao kutoudhiwa, na wakubwa wa misheni walitoa maagizo kwamba watoro wasipokelewe. Nyaraka za mitume zenye maneno ya watumwa kuwatii mabwana zao zilikuwa katika Biblia ileile. Hata hivyo pale Rabai alikuwapo William Jones, naye mwenyewe alikuwa mtoto wa utumwani aliyeokolewa na kulelewa India. Aliwapokea. Watu walijenga vibanda, wakalima, wakafundishwa kusoma. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, yeye pamoja na Ishmael Semler. Ilipofika mwisho wa 1888, wakati Kampuni ya Waingereza ilipoamua kuwalipa mabwana fidia, watoro waliokutwa kwenye vijiji vya misheni huku Pwani walikuwa zaidi ya elfu moja.

Waumini wengi wa Pwani wanajivunia damu hiyo, na wana haki. Sisemi kwamba mateso yangu ni kama ya mtumwa, ningekuwa nawatukana. Nasema kanisa hili lilianza na mchungaji aliyewatazama watu wasiotakiwa akaona washiriki, wakati barua za wakubwa wake zilimwambia asiwaone.

Upo mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1992 kasisi wa Anglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alisema hadharani kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi. Siku hizo mahubiri yetu juu ya Ukimwi yalikuwa mafupi: uasherati, hukumu, kaburi. Baada ya mtu mmoja wa madhabahuni kusema "ni mimi", na wengine wakamfuata, ikawa vigumu kuendelea na mahubiri yale huku wanaohusika wameketi mbele yako. Leo ninyi mna programu za Ukimwi katika dayosisi, na akina mama wetu huwaosha wagonjwa bila kuuliza walikuwa wapi. Hilo lilitokea kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusikilizwa.

Msiposikiliza nafasi hiyo haibaki tupu. Februari 2010, pale Mtwapa, ulizuka uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Harusi hiyo haikuwapo. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo bega kwa bega, waliwahimiza watu wachukue hatua, na kundi likakivamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kilichokuwa kikitoa huduma za Ukimwi. Watu walipigwa. Ni nadra sana sisi na jirani zetu kufanya jambo pamoja hapa Pwani, na tulipolifanya likawa hilo. Sijasikia toba kutoka upande wetu. Afadhali baadaye baadhi ya mashehe na wachungaji wa Mombasa walikubali kukaa chini na watu hawa na kuzungumza, kwa mwaliko wa shirika dogo la huku, wala si kwa agizo la dayosisi. Wapo waliotoka wamebadili maneno yao ya mimbarini hata kama hawakubadili fundisho. Kwa hiyo inawezekana.

Januari 2011, David Kato alipouawa nyumbani kwake Mukono, mhubiri aliyekuja mazishini alishika kipaza sauti akawahubiria waombolezaji juu ya Sodoma mbele ya jeneza na mbele ya mama wa marehemu. Vurugu ikatokea. Aliyemaliza maombi kaburini alikuwa Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa Buganda Magharibi, mtu ambaye Kanisa lake lilikuwa limekwisha kumzuia kuhudumu kwa sababu aliwasikiliza mashoga. Mzee yule alifanya kazi ya askofu siku ile. Tangu hapo kila nikienda kwenye mazishi ya mmoja wetu, tunajiuliza kimyakimya nani atakabidhiwa kipaza sauti.

Uganda ilipopitisha sheria yake mwaka 2023, yenye kifungo cha maisha na hata kunyongwa katika hali fulani, Kanisa la Uganda liliikaribisha, isipokuwa hukumu ya kifo. Hapa kwetu mwaka huohuo mbunge alileta muswada wa namna hiyo kwa jina la kulinda familia. Nawaomba sana msifuate njia ile. Na msiniambie kwamba anayekataa jela amekubali ushoga. Februari 2023, ndani ya ndege iliyotoka Sudan Kusini, Papa Fransisko alisema kuwafanya watu hawa wahalifu ni dhuluma, na Askofu Mkuu wa Canterbury na mkuu wa mkutano mkuu wa Kanisa la Scotland, waliokuwa naye, wakakubaliana naye. Papa huyo hakuwa amebadili nukta katika fundisho la ndoa. Alijua tu kwamba mlinzi wa gereza hajawahi kumfanya mtu mwanafunzi wa Kristo.

Ninayoyaomba, basi, yote yanaingia ndani ya yale mliyokwisha kutia sahihi.

Lisomeni azimio la 1.10 lote katika sinodi zenu, kwa Kiswahili, mpaka nukta ya mwisho. Kila dayosisi iteue kasisi mmoja au wawili, na angalau mmoja awe mwanamke, wafundishwe kusikiliza na kutunza siri, bila sharti la kwamba anayekuja atoke ameahidi kitu. Pigeni marufuku maombi yanayomfungia mtu chumbani, yanayomlaza njaa kwa nguvu au kumpiga ili pepo litoke. Mkiwa hamjui kwamba yanafanyika chini ya majina ya makanisa yenu, sasa mmejua. Makasisi wasifungishe ndoa wanayojua imepangwa kuwa tiba, na binti aambiwe ukweli kabla ya tangazo la kwanza kusomwa. Mtu aliyebatizwa azikwe kama aliyebatizwa, kwa ibada ya maziko iliyo kitabuni, na mahubiri yawe juu ya ufufuo. Na uvumi mwingine kama ule wa Mtwapa ukizuka, sauti ya kwanza ya kuutuliza iwe ya askofu, siku hiyohiyo, kabla mtu hajaokota jiwe.

Mtagundua sikuomba harusi wala sikuomba daraja la ukasisi. Wenzangu wengine watanikasirikia kwa hilo, wataniambia nimeomba makombo ya mezani. Labda. Mwanamke Mkanaani aliyaomba makombo, na Bwana akaisifu imani yake.

Sikutia jina langu kwa sababu mnazozijua: sheria niliyoitaja ingali palepale, nina kazi, nina mama mzee anayeketi kiti cha tatu kutoka mbele. Wale wanaopenda kubahatisha nawaomba wasianze kuwanyooshea vidole wasomaji wa somo la pili. Tuko wengi na wengi wao hawahusiki.

Mkimteua kasisi huyo, hata mmoja, si lazima mnijibu. Mtajeni kwenye matangazo ya Jumapili kati ya mkutano wa KAMA, chama cha wanaume wa kanisa, na mchango wa paa, kwa jina na nambari ya ofisi, mseme anapokea watu kwa faragha siku fulani na saa fulani. Msiseme ni watu gani. Sisi tutaelewa, na tutakuja.

Wenu katika Kristo,

Msomaji wa somo la pili
Pwani